Usiuze Kahawa Ikiwa Bado Maua

Na Bwana Shamba



Hapa Karagwe na Kyerwa sote tunaijua butura. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini. Mti unachanua, na mnunuzi amekwisha fika mlangoni na fedha mkononi.

Serikali imepiga marufuku butura. Lakini shida haingoji msimu. Robusta huchukua miezi kama 10 tangu ua hadi kuiva. Katika miezi hiyo mtoto anataka sare na mgonjwa anataka dawa.

Tupige hesabu. Tuseme mnunuzi anakupa shilingi 40,000 kwa gunia la maganda. Unamwahidi magunia 3. Unapata shilingi 120,000. Msimu ukifika, gunia linauzwa shilingi 100,000. Magunia 3 ni shilingi 300,000. Umepoteza shilingi 180,000. Kupalilia ni kazi yako. Kuchuma na kuanika ni kazi yako. Faida ni yake.

Huu ni mfano tu. Piga hesabu hiyo kwa bei ya kijijini kwako.

Kabla ya kukubali, jiulize:

1. Shida hii inahitaji shilingi ngapi? Ukitaka shilingi 30,000, kwa nini uuze magunia 3?

2. Je, inaweza kungoja? Sare inaweza kungoja wiki mbili. Mgonjwa hawezi. Mpeleke hospitali mara moja.

3. Je, kuna kitu kingine cha kuuza? Fikiria maharage, mikungu ya ndizi au mbuzi. Uliza pia mkopo katika kikundi chenu cha kuweka na kukopa.

4. Je, mwenzangu anajua? Mke na mume mmeilima kahawa hiyo pamoja. Hasara pia itakuwa yenu wote.

Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hujaisoma. Sasa unajua kusoma. Isome yote.

Uamuzi mzuri hufanywa mapema. Uzeni kahawa kwenye chama cha msingi. Siku mkilipwa, kaeni pamoja. Andikeni katika daftari: sare, dawa, chakula. Tengeni fedha hizo kwanza. Akiba haiozi. Mnunuzi wa butura akija, jibu mtakuwa nalo.

Maswali ya kujadiliana

1. Butura ni nini?

2. Nani hupata faida katika butura?

3. Nyumbani kwenu, nani huamua kahawa iuzwe lini?