Tamko la Waendesha Bodaboda na Bajaji wa Buguruni Kuhusu Bei ya Mafuta na Mivutano ya Nchi Zinazoyauza



Sisi waendesha bodaboda na bajaji wa vijiwe vya Buguruni, kuanzia Sheli na Malapa hadi Rozana na Kwa Mnyamani, tumekutana kupitia chama chetu na kuazimia kutoa tamko hili.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta. Hesabu yake huanzia kwenye bei za soko la Ghuba ya Uarabuni, kisha huongezwa gharama za meli, kodi, tozo na faida ya wauzaji. Kiwanda cha TIPER kule Kigamboni kiliacha kusafisha mafuta ghafi miaka mingi iliyopita, hivyo petroli tunayochoma hununuliwa nje kwa dola. Ndiyo maana kikao cha OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, huko Vienna kinatuhusu.

Machi 2020 Saudi Arabia na Urusi zilishindwa kukubaliana kupunguza uzalishaji. Saudi Arabia ikamwaga mafuta sokoni, korona nayo ikazuia safari, bei ikaporomoka. Julai 2021 Falme za Kiarabu zikavutana na Saudi Arabia kuhusu mgawo wao wa uzalishaji. Safari hiyo kilichokwama ni mpango wa kuongeza mafuta, kwa hiyo bei ilipanda, pipa likapita dola 75. Desemba 2023 Angola, mwenzetu katika SADC, ikatangaza kujitoa OPEC kwa kukataa mgawo iliopangiwa.

Uzalishaji ukibanwa bila ugomvi, tunaumia vilevile. Kuanzia Julai 2023 Saudi Arabia ilipunguza mapipa milioni 1 kwa siku, na Septemba pipa likavuka dola 90. Oktoba petroli ya Dar es Salaam ilifika Sh3,281 kwa lita, na EWURA ikataja uamuzi wa OPEC na washirika wake miongoni mwa sababu.

Haki itendeke: si kila shilingi ilitoka nje. Mwaka huohuo bajeti iliongeza Sh100 kwa lita, na dola ziliadimika. Lakini aliyepo kijiweni hatenganishi sababu hizo. Julai 2023 noti ya elfu tano ilinunua lita 1.8 za petroli. Agosti, bei ilipotoka Sh2,736 hadi Sh3,199, noti ileile ilinunua chini ya lita 1.6. Hesabu ya kila siku ya bosi mwenye chombo haikupungua. Dereva alizidisha saa barabarani, na mama wa sokoni alilipa zaidi kufikisha gunia lake la viazi.

Hatuna kiti OPEC na hatuwezi kuwapatanisha. Tulicho nacho ni muda. Shehena huagizwa wiki kadhaa kabla mafuta yake hayajauzwa hapa, kwa hiyo mgogoro wa leo hufika Buguruni baadaye. Muda huo utumike kujiandaa. Kwa msingi huo:

1. Tunaiomba Serikali iharakishe hifadhi ya taifa ya mafuta, ijazwe bei inapokuwa chini kama ilivyokuwa 2020.

2. Tunaiomba EWURA ihakikishe kila kituo kinabandika mchanganuo mfupi wa lita moja: kiasi cha soko la dunia, cha usafirishaji, cha kodi na tozo, na cha muuzaji.

3. Mwaka 2022 Serikali ilitoa ruzuku ya mafuta ya hadi Sh bilioni 100 kwa mwezi, nasi tulipata nafuu. Tunaomba uwekwe utaratibu wa kudumu, ijulikane mapema bei ikifika wapi nafuu itatolewa.

4. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ni yetu na haisubiri kikao cha OPEC. Vituo vya kujazia gesi kwenye vyombo vya moto viongezwe, na mikopo ya kufunga mitungi ya gesi iwafikie wenye bajaji.

5. Tunawaagiza wanachama wetu wasipandishe nauli kwa uvumi wa vita au vikao. Nauli isiguswe kabla EWURA haijatangaza, na bei ikishuka, abiria naye apunguziwe. Atakayekaidi atajibu mbele ya uongozi wa kijiwe chake.

Tuko tayari kukaa mezani na mamlaka zote zinazohusika.

Limetolewa na uongozi wa chama kwa niaba ya wanachama wote,
Buguruni, Ilala, Dar es Salaam.