Bangili Sita za Mwenzetu



Mwenzetu mmoja wa kikundi chetu cha maombi alituomba tumsindikize kwa sonara. Binti yake alikuwa amechaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza katika shule ya bweni, na godoro, sanduku, sare na nauli vilikuwa vinamngoja. Alikuwa na bangili sita za fedha. Nne alivishwa na mama mkwe wake siku ya harusi, kuukuu, nyeusi kwenye mikunjo, wala hazikuwa na alama yoyote. Mbili alizinunua mwenyewe sokoni kwa kudunduliza, zinang'aa, na kwa ndani zimepigwa namba 925. Njiani sote tulikubaliana kwamba hizo mbili mpya ndizo zitakazoleta fedha ya maana.

Sonara alichukua tupa, akakwaruza kidogo kila bangili mahali pasipoonekana, akadondosha tone la tindikali. Kwenye zile mpya tone likageuka kijani. Kwenye zile kuukuu likawa jeupe kama maji yaliyotiwa maziwa. Akaziweka nne kwenye mizani, na zile mbili akamrudishia mwenyewe. "Mama, hizi ni shaba iliyopakwa fedha kwa juu," akasema kwa upole. Mwenzetu hakujibu neno. Alikuwa amezilipia bei ya fedha.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiuliza namba hizi maana yake nini hasa. Fedha tupu ni laini mno, pete yake hupinda upesi, kwa hiyo mafundi huichanganya na madini mengine, mara nyingi shaba nyekundu. Namba 925 inasema kwamba katika kila sehemu 1000 za chombo hicho, 925 ni fedha. Ukiona 800 au 835, ni fedha pia, ila mchanganyiko umezidi. 999 ni fedha karibu tupu. Basi 925 ni kipimo kizuri, tena kinajulikana dunia nzima. Shida ni kwamba namba ni namba tu. Mtu yeyote mwenye nyundo na chapa anaweza kuigonga juu ya shaba.

Ndiyo maana Waingereza hawakutosheka na neno la muuzaji. Sheria yao ya mwaka 1300 iliamuru fedha ipimwe na kupigwa chapa ya kichwa cha chui kabla ya kuuzwa, na mpaka leo kichwa cha chui ni alama ya ofisi ya upimaji ya London. Nanga ni ya Birmingham, waridi ni ya Sheffield, ngome ni ya Edinburgh. Pamoja na alama ya ofisi kuna namba ya kiwango na herufi za aliyekipeleka chombo kupimwa. Kwenye vyombo vya Uingereza utamwona mara nyingi simba anayetembea, maana yake ni 925. Kama kanisani kwenu kuna kikombe cha Chakula cha Bwana kilicholetwa na wamisionari wa Kiingereza, omba ruhusa ukigeuze, huenda ukamkuta simba huyo. Muhuri wa namna hii una nguvu kwa sababu nyuma yake yupo mtu wa kuulizwa. Hata hivyo, kwa sheria yao fedha isiyofika gramu 7.78 hailazimiki kuwa na muhuri, kwa hiyo hereni nyepesi isiyo nao si lazima iwe ya uongo.

Na zile bangili nne je? Sonara alituambia kwamba pwani yetu mafundi wa zamani waliyeyusha sarafu, hasa reale za Maria Theresa zenye mwaka 1780, ambazo zina fedha sehemu 833 hivi katika 1000. Fundi alijulikana mtaani kwa jina na kwa baba yake, akagonga bangili bila kuweka chapa. Kwa vitu vya namna hiyo mwamuzi ni jiwe la sonara na tindikali yake. Tindikali hiyo ni kali, inaunguza ngozi na macho; tusiijaribu jikoni.

Ukienda kununua, nenda mchana, na kioo cha kukuzia kama unacho. Mkufu utazame mwilini na kwenye kifungo pia, maana wapo wanaofunga kifungo cha 925 kwenye mnyororo wa shaba. Herufi EPNS zina maana kwamba fedha ni ngozi tu juu ya mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Maneno Alpaca, Nickel Silver na German Silver ni mchanganyiko huo huo, na hauna fedha hata chembe, ingawa jina linadanganya. Nikeli hiyo ndiyo inayowawasha wengine masikioni. Sumaku itasaidia kidogo: ikinasa, weka chini, isiponasa bado hujajua kitu, kwani shaba nayo hainasi. Weusi nao usikutishe. Fedha ya kweli huingia weusi, na hupanguswa kwa kitambaa laini.

Zaidi ya yote, omba risiti iandikwe neno fedha, kiwango chake na uzito kwa gramu. Mwenzetu aliuza bangili mbili za mama mkwe, mbili akamwekea binti. Majuzi tulikuwa naye dukani akichagua pete, akaomba risiti ya namna hiyo. Muuzaji akasema kwao huandika "pete" tu. Mwenzetu akaivua kidoleni, akairudisha kwenye kisanduku, tukatoka.