Oili Si Hasara

Wako vijana wapendao kurusha vindege vya mfano, na wako washauri wao, wanaoshikilia kwamba oili iliyomo katika mchanganyiko wa injini ni mzigo mtupu. Methanoli, wasema, ndiyo iwakayo. Oili yachafua mabawa na kula fedha. Basi na ipunguzwe kutoka sehemu 20 katika mia hadi 10, na pengo lijazwe nitromethani. Shauri hilo lapendeza masikioni, nami nalipinga.

Injini hiyo haina hazina ya oili chini yake kama injini ya gari. Kila tone la kuilainisha hupita humo pamoja na methanoli, likaosha ekseli, pistoni na silinda, likachukua sehemu ya joto, kisha likatupwa nje pamoja na moshi. Washauri hutuletea mfano wa msumeno wa petroli, utoshekao na sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli. Lakini msumeno huzungukia beringi; injini nyingi ndogo za vindege huzungukia bushi tupu, nazo hupita mizunguko 15,000 kwa dakika.

Wengine hudharau mafuta ya mbarika, ati ni ya kikale. Ni kweli ni ya kale: injini za Gnome na Le Rhône ziliyatumia katika vita vya 1914 hadi 1918. Lakini mwanafunzi akikaza mno sindano ya kabureta, injini hukosa methanoli ya kuipoza na oili ya kuilainisha kwa wakati mmoja. Hapo oili nyingi za viwandani huungua na kuacha chuma kitupu. Ya mbarika hugeuka utando mzito, ikaendelea kuking'ang'ania chuma. Utando huo huchafua, sikatai. Lakini uchafu huoshwa, na silinda iliyokwaruzwa haioshwi. (Yale ya nywele, yaliyotiwa manukato, hayafai.)

Na nitromethani? Katika mashindano ya kasi ya shirikisho la dunia, FAI, vindege vya injini ya senti-mita za ujazo 2.5 hukaribia kilomita 300 kwa saa kwa methanoli 80 na oili 20, bila tone la nitromethani. Mwanafunzi anayejifunza kugeuza kindege kiwanjani ataitaka ya nini?

Ikiwa lazima tuhofu kitu katika chupa ile, tuihofu methanoli. Mwaka 2000, jijini Nairobi, pombe haramu iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya mia moja na kuwapofusha wengine. Moto wake hauonekani vizuri mchana. Chupa yake iandikwe jina, isiwe kamwe chupa ya soda, na ufunguo wa kabati ukae kwa mwalimu.