Reli Iliyofufuliwa kwa Kujitolea

Sisi wa Mzinga na wa milima ya Uluguru tunaijua reli ya Morogoro. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Jasho lilikuwa la babu zetu. Tangu mwaka 2024 tunayo pia reli mpya ya treni za umeme. Je, ile ya zamani tuiache iote majani?

Reli isiyotunzwa hufa upesi. Mvua huzoa kokoto. Majani hufunika vyuma. Reli ya kwenda Moshi na Arusha ilifikia hali hiyo. Treni za abiria zilikoma katika miaka ya 1990. Serikali ikaitengeneza. Abiria wakafika tena Moshi mwaka 2019, na Arusha mwaka 2020.

Hiyo ilikuwa kazi ya Serikali. Lakini iko reli iliyofufuliwa na watu wenyewe, kama sisi tunavyofanya msaragambo. Inaitwa Talyllyn. Iko Wales, huko Uingereza, nayo hupita milimani. Ilijengwa mwaka 1865 ili kubeba mawe ya kuezekea nyumba. Ndiyo, huko huezeka kwa mawe! Huyapasua yakawa membamba kama vibao.

Mwaka 1946 machimbo yaliporomoka, yakafungwa. Mwaka 1950 mwenye reli akafariki. Mataruma ya mbao yalikuwa yameoza, hata watu wakasema kwamba majani ndiyo yanayoshika vyuma.

Mwandishi mmoja, Tom Rolt, alikutana na wenzake mjini Birmingham mwezi wa Oktoba mwaka huo. Wakakubaliana kuiendesha reli hiyo bila kutaka faida. Watu wakaja siku zao za mapumziko, wakafyeka na kubadili mataruma. Mimi nilidhani kujitolea ni kuchimba mtaro tu. Kumbe huko mtu hujitolea kuwa dereva, fundi, hata mkata tiketi!

Injini iliyoweza kutembea ilikuwa moja tu, Dolgoch, ya mwaka 1866. Tarehe 14 Mei 1951 ikavuta abiria. Hiyo ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea. Leo watalii hulipa nauli kwenda kutazama mabonde yake, na bibi Dolgoch bado yupo.