Jaa limehama, taka ziko palepale

Ndugu mwandishi, hata mimi nilifurahi jaa la Kibarani lilipofungwa; moshi ule ulikuwa unakupokea Makupa kabla hujaingia kisiwani Mombasa. Lakini tuambiane ukweli: taka hazikupungua, zilipelekwa Mwakirunge tu. Na watu wa Mwakirunge nao wana pua.

Sheria ya taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe taka tangu nyumbani. Haya, jikoni kwetu tumeweka ndoo mbili: maganda ya ndizi na machicha ya nazi huku, chupa na makopo kule. Ijumaa anakuja kijana wa mkokoteni, anazimwaga zote kwenye gunia moja. Nikamuuliza. “Mzee, kule mbele lori ni moja.” Simlaumu hata kidogo.

Kwa hivyo mpango wa taka wa kaunti wa miaka mingi, ulioandika habari zake, usianze na kutafuta shamba jingine la kutupia. Uanze na hilo lori. Zinazooza zikienda peke yake ni mbolea. Zikichanganywa na pampasi ni uvundo. Na waokota chupa, ambao wamekuwa wakipanga na kupima plastiki mji huu kabla ya semina yoyote, mbona hukuwataja katika makala yako?