Umaskini si Hoja: Filamu za Sayansi za Gharama Ndogo na Wahakiki Wake

Uhakiki wa filamu za bunilizi ya kisayansi zilizotengenezwa kwa gharama ndogo umetawaliwa kwa muda mrefu na kicheko. Mnamo mwaka wa 1980 ndugu wawili Wamarekani, Harry na Michael Medved, walichapisha kitabu cha tuzo za mzaha ambamo Edward Wood alitawazwa kuwa mwelekezi mbovu kuliko wote, na filamu yake, Plan 9 from Outer Space, ikatangazwa kuwa mbovu kuliko zote. Tangu hapo filamu hiyo imepata wapenzi wengi kuliko ilivyowahi kuwa nao. Watu huitazama kwa makundi ili wazicheke sahani zinazoning'inia kwa uzi, na mawe ya makaburi yanayotikisika, na yule tabibu wa uti wa mgongo aliyejifunika uso kwa joho ili aendeleze nafasi ya Bela Lugosi, mwigizaji aliyefariki mwaka wa 1956 kabla filamu haijakamilika. Kicheko hicho huitwa mapenzi. Makala haya yanadai kwamba ni dharau iliyovishwa maleba ya mapenzi, na kwamba dharau hiyo imewazuia wahakiki kuuona ubora wa filamu za aina hii pamoja na udhaifu wake halisi.

Ni kweli kwamba mtunzi wa filamu hayuko huru kama mwandishi. Katama Mkangi alipompandisha Dzombo chomboni katika riwaya ya Walenisi (1995), wino wa kukiandika chombo hicho haukuwa ghali kuliko wino wa kuandika kikaango. Mtunzi wa filamu hukilipia chombo, na hulipa tena chombo kinapopaa. Hapo ndipo unapozuka utetezi wa pili, ambao ni ndugu wa kicheko japo una uso wa huruma: eti fulani hakuwa na fedha, basi asidaiwe. Utetezi huu haumsaidii msanii hata kidogo. Unamwambia kwamba kazi yake haikustahili kupimwa, na kumbe kupimwa ndiyo heshima ya pekee ambayo mhakiki anaweza kumpa.

La kuulizwa ni hili: ni kitu gani katika bunilizi ya kisayansi ambacho fedha haziwezi kukinunua, na kwa hiyo ukosefu wa fedha hauwezi kuwa udhuru wa kukikosa? Jibu limo katika ngano. Msimulizi wa ngano hana taa wala pazia. Alicho nacho ni sharti. Msichana anaruhusiwa kuingia vyumba sita, cha saba asikifungue. Anayetumwa dawa msituni akiitwa asigeuke nyuma. Hadhira ikishaitikia pakawa, haimdai msimulizi ushahidi kwamba zimwi lipo. Humdai asilisahau sharti. Chumba cha saba kikifunguliwa na jambo lisitokee, watoto hulalamika, nao wana haki. Bunilizi ya kisayansi ni sanaa ya sharti kwa kiwango ambacho tanzu nyingine nyingi za filamu hazikifikii: jambo moja la ulimwengu hubadilishwa, kisha yote yatokanayo na badiliko hilo hufuatwa hadi mwisho bila kuonewa haya. Kulifuata sharti hakugharimu hata senti.

Mlinganisho huu una mpaka wake, na mpaka wenyewe ni kamera. Zimwi la ngano lina umbo ambalo kila msikilizaji amejitungia, ilhali kamera hulazimika kuonyesha kile inachoelekezewa. Katika Robot Monster (1953) ya Phil Tucker, mvamizi aliyeangamiza karibu binadamu wote ni mtu aliyevaa ngozi ya sokwe na kofia kama ya mzamiaji, akizunguka mchana kweupe katika makorongo ya Los Angeles. Aghalabu wahakiki huishia kwenye ngozi hiyo. Kosa la filamu haliko kwenye ngozi. Liko katika kumwonyesha mvamizi huyo tena na tena, akipanda na kushuka vilima, kana kwamba mtengenezaji aliamini kuwa akimrudia mara nyingi atatisha. Huku ni kuiga filamu za matajiri bila mali ya matajiri, na ndiyo maradhi makuu ya filamu maskini.

Plan 9 yenyewe inaugua maradhi mengine. Sharti lake si dogo: wageni kutoka angani wanafufua wafu ili wanadamu, waliokataa kukiri kwamba wageni hao wapo, walazimike kuwasikiliza kabla hawajavumbua silaha itakayoulipua mwanga wa jua na kuangamiza kila kitu. Katika muongo uliotawaliwa na hofu ya bomu la nyuklia, hili ni wazo la kutia baridi. Lakini wafu wanaofufuliwa ni watatu tu, wanatembeatembea makaburini, na habari ya silaha inaachwa hadi karibu na mwisho ambapo inamwagwa katika hotuba moja. Lau Wood angepewa mamilioni, sahani zingepaa bila uzi na hotuba ingebaki pale pale. Anayecheka uzi anamsamehe mtunzi kosa lake kubwa na kumwadhibu kwa dogo.

Tazama sasa jinsi mpira wa kuchezea ufuoni unavyoweza kuwa kiumbe. Dark Star (1974) ya John Carpenter ilianza kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California na kugharimu takriban dola 60,000. Kiumbe kutoka sayari ya mbali ni mpira wa plastiki wenye miguu, na filamu haijaribu kuficha jambo hilo. Inalikubali kwa sababu sharti lake liko kwingine: mabaharia wa anga wamekaa safarini miaka mingi mno hata hakuna kinachowashangaza tena, kiumbe kile kikiwamo. Uchovu wao unaufanya mpira uaminike. Kisha bomu lenye akili linakataa kurudi mahali pake, na ofisa mmoja anatoka nje ya chombo kulifundisha falsafa, alihoji bomu hilo limejuaje kwamba amri ya kulipuka ilitolewa kweli. Bomu linatafakari, linaridhika kwamba hakuna kingine kilichopo ila lenyewe, na kwa kuwa halina jingine la kufanya, linalipuka. Mjadala huo ni sauti mbili na kifaa kimoja cha kuigizia, nao una uzito kuliko vita vingi vya angani vilivyotengenezwa kwa fedha zisizo na hesabu. Hata hivyo filamu hii ilirefushwa ili ifae majumba ya sinema, na kurefushwa huko kunaonekana. Kichekesho cha mpira katika shimo la lifti kinaendelea hadi mtazamaji anaanza kutazama saa. Dan O'Bannon, aliyeshirikiana na Carpenter kuiandika na kuigiza ndani yake, alilichukua wazo hilo hilo la kiumbe anayewinda watu chomboni na kuliandika upya kwa ajili ya Alien (1979). Huko fedha zilikuwapo, na bado kiumbe kilifichwa gizani kwa sehemu kubwa ya filamu. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.

Wafaransa walilielewa jambo hili mapema. La Jetée (1962) ya Chris Marker ina dakika 28 na imeundwa kwa picha mnato, isipokuwa nukta chache ambapo mwanamke aliyelala anafumbua macho. Mtu anayerudishwa katika wakati uliopita hana alichobeba ila kumbukumbu ya sura moja, na kumbukumbu haitembei, ni picha. Kwa hiyo kile kinachoonekana kuwa ubahili wa vifaa ni sharti lenyewe lililogeuzwa kuwa fani. Filamu ya Terry Gilliam iliyotokana nayo, Twelve Monkeys (1995), iligharimu karibu dola milioni 30. Si filamu mbaya, ila hakuna mahali ndani yake ambapo kufumbua macho tu kunakuwa tukio.

Alphaville (1965) ya Jean-Luc Godard inawahusu zaidi wanafunzi wa fasihi. Hakuna mji wa kesho uliojengwa. Ni Paris ya mwaka ule, usiku, hoteli na ofisi za vioo, na mhusika anayevuka anga kwa gari la Ford. Kinachoifanya Paris hiyo iwe sayari nyingine ni kamusi: kila uchao maneno huondolewa ndani yake, na wakazi husahau kwamba yaliwahi kuwapo. Godard alitambua kwamba lugha ndiyo hila rahisi kuliko zote za kuunda ulimwengu mpya, na ndiyo yenye nguvu kupita zote. Wanawake wa mji huo, hata hivyo, wamechorwa kama mapambo, na si mtambo unaotawala pekee unaopaswa kulaumiwa kwa hilo.

Primer (2004) ya Shane Carruth ndiyo huletwa kila mara kama ushahidi kwamba umaskini ni neema. Iligharimu takriban dola 7,000. Carruth aliiandika, akaielekeza, akaihariri, akatunga muziki wake na kuigiza. Sharti lake ni kali na la kupendeza. Atakaye kurudi nyuma saa sita ni lazima aketi ndani ya sanduku saa sita, kimya, akisubiri. Hakuna aliyewahi kuutoza wakati kodi ya haki kiasi hicho. Sehemu ya kwanza inaitii kanuni hiyo kwa utulivu, kwa sauti za wahandisi wanaokatizana maneno, na mtazamaji anahisi hatari ikikua ndani ya mantiki yenyewe. Kisha nakala za wahusika zinaongezeka, matukio makubwa yanatajwa tu bila kuonyeshwa, na theluthi ya mwisho haifuatiki. Mashabiki wamechora michoro kuieleza, na michoro hiyo husifiwa kuwa ithibati ya kina. Yamkini ni ithibati ya kinyume chake. Msimulizi anayewaachia wasikilizaji waende nyumbani wakapange matukio kwa kalamu hajawa na kina, ameacha kusimulia. Wala haiwezekani kusema kwamba alikosa fedha za kueleweka.

Mizani hii hii ndiyo inayopaswa kutumiwa kwa Pumzi ya Wanuri Kahiu, filamu fupi ya Kenya ya mwaka wa 2009 yenye dakika zipatazo 20, ambayo ilionyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka wa 2010. Mwaka ule ule wa 2009 Avatar iliteketeza zaidi ya dola milioni 200. Tangu wakati huo Pumzi imesifiwa karibu kila mahali, na aghalabu imesifiwa kwa sababu ipo: kwamba mwanamke Mwafrika ametengeneza filamu ya sayansi. Sifa ya namna hiyo ni ile huruma iliyokwisha tajwa, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kahiu anastahili wasomaji wanaobishana naye.

Ubora wake ni mkubwa. Baada ya vita vya maji, watu wa Maitu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa. Jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena, umeme huzalishwa kwa miili inayofanya mazoezi, na ndoto huzimwa kwa vidonge. Asha, mhifadhi wa makumbusho, anapokea udongo unaoweza kuotesha mbegu, naye anakatazwa kutoka. Hakuna mtambo wa kustaajabisha. Kuna tone la maji linalohesabiwa, na tone hilo linatosha kuusimamisha ulimwengu mzima. Mwishoni Asha anaumwagia mche maji yake ya mwisho, anajilaza kando yake, kamera inapaa.

Lakini ni lugha gani iliyosalia Maitu? Jina la filamu ni la Kiswahili, jina la jamii ni la Kikuyu, na mitambo inasema Kiingereza. Hili si lalamiko la kizalendo. Filamu inayouliza ni nini kimenusurika baada ya maangamizi ya Afrika Mashariki ina wajibu, kwa mujibu wa sharti lake yenyewe, wa kufikiria ni maneno gani yaliyonusurika, na jibu lolote lingepatikana bila kuongeza gharama. Neptune Frost (2021) ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa Rwanda, ililiona hilo. Wachimbaji wa koltani na wadukuzi wake waliovaa vipande vya kompyuta zilizotupwa wanavuka kutoka Kinyarwanda na Kirundi hadi Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, nao wana salamu yao wenyewe. Sharti la filamu hiyo hulegea kila wimbo unapoanza, ila masikio ya mtazamaji hayana shaka kwamba yako mahali papya.

Kasoro ya pili ya Pumzi ni nzito zaidi. Asha anampa maji mfanyakazi wa usafi wa msalani, na baadaye mfanyakazi huyo anamsaidia kutoroka. Katika nchi ambamo mkojo wa mtu una hesabu, kumpa mwingine tone ni uasi mkubwa kuliko kukimbia. Hapa ndipo sharti lilipokuwa likielekea: ni nani anayekunywa cha nani, na ni nani anayesafisha. Badala yake filamu inageukia nyuso za baraza kwenye kioo, askari, na mtoro jangwani, vitu ambavyo filamu za matajiri zilikuwa zimekwisha kuvichosha. Mfanyakazi anaachwa mlangoni, na hadi jina la filamu linapotokea tena haelezwi alifanywa nini baada ya Asha kuondoka. Dakika 20 ni chache, lakini Marker alikuwa na 28, naye hakumpoteza mtu hata mmoja.