Kalamu Nyekundu Nayo Hukosea

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kwa miaka mingi niliishika methali hiyo kama ngao kila nilipoingia darasani. Leo nakiri kwamba niliitumia vibaya.

Mapema katika miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja hapa Muthangari, Nairobi. Siku moja niliwaagiza wanafunzi watunge shairi. Msichana mmoja aliniletea utungo kuhusu mamake, aliyetembea kila alfajiri kutoka Kawangware kwenda kufua nguo za watu katika majumba ya Lavington. Utungo huo haukuwa na vina wala mizani, na baadhi ya mishororo ilikuwa ya neno moja tu. Nilitwaa kalamu nyekundu nikaandika: "Hili si shairi." Nikampa sufuri. Hakubishana nami. Lakini tangu siku hiyo hadi alipomaliza masomo, aliniletea tarbia zenye mizani 16 kamili katika kila mshororo, na zisizo na uhai hata chembe.

Nilidhani naihami lugha. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa ameziandika sheria za utungaji katika kitabu chake cha mwaka 1954, na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wapo waliomwona kuwa mharibifu wa ushairi. Nami niliirithi hukumu hiyo bila kukifungua kitabu chenyewe.

Kilichonigeuza ni diwani mbili za wana wa Mombasa. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki, nayo yanaifuata arudhi barabara. Alamin Mazrui naye alitiwa kizuizini mwaka 1982. Katika diwani yake, Chembe cha Moyo, iliyotoka mwaka 1988, zimo tungo zisizojifunga kwa vina wala mizani. Nilizisoma diwani hizo kwa zamu, na sikuthubutu kusema kwamba uchungu wa mmoja ni shairi na uchungu wa mwenzake si shairi. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule msichana.

Je, nasema tuwe bendera kufuata upepo? Hasha! Hadi leo naipenda tarbia, na ningali naamini kwamba asiyezijua kanuni hawezi kudai kuwa amezivunja. Ninachosema ni kwamba nia ya mtu na ibadilike kwa sababu ya hoja na ushahidi, si kwa sababu ya woga au mtindo wa siku. Vilevile, anayekataa kubadilika na awe na sababu iliyo bora kuliko mazoea.

Jambo hili halihusu ushairi pekee. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na walimu wetu wametakiwa kufundisha na kutahini kwa njia mpya. Wapo walioulaani mtaala mpya kabla ya kuusoma, na wapo walioushangilia kabla ya kuujaribu. Kwa maoni yangu, makundi haya mawili yana kosa moja: yote yamehukumu kabla ya kusikiliza. Mwalimu anayejaribu, akapima matokeo, kisha akasema wazi kilichofaa na kisichofaa, huyo ndiye atakayelifaa taifa.

Mwalimu mwenzangu, kabla hujaandika neno "si" kwenye daftari la mtoto, soma mara ya pili. Nawe mwanafunzi, usinyamaze kama alivyonyamaza yule binti. Uliza kwa adabu, toa hoja zako, na uwe tayari kushindwa zinaposhindwa.

Sikupata kumwomba radhi msichana yule. Sufuri niliyompa ilikuwa yangu.